Gauni Lisilo na Zipu

3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na saa tano mdogo wangu akateleza kwenye ngazi za duka la vifaa vya ofisi anakofanya kazi. Kifundo cha mguu kimevunjika. Daktari amemfunga plasta mpaka chini ya goti na kumkataza kuukanyaga mguu kwa wiki sita. Kwake ni ghorofa ya tatu, kwa hiyo ameletwa kwangu, kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana yangu ya kushona, ninamoweka majora ya vitambaa. Majora yamepanda juu ya kabati. Mimi nimeamua kuandika, maana sina wa kumlalamikia. Hili ni daftari la vipimo vya wateja. Naandika kuanzia nyuma.

Mama amepiga simu mara tatu. "Mwangalie Kinda wangu." Kinda ana miaka ishirini na saba. Mimi nina thelathini na tisa, na sikumbuki mara ya mwisho kuitwa wa mtu.

4 Machi

Mvua.

6 Machi

Nimemwomba Kinda anisaidie kushona vifungo, kwa vile mikono haikuvunjika. Kwa saa nzima ameshona vitatu, na kimoja kati ya hivyo amekishona pamoja na sketi aliyovaa. Tumecheka mpaka machozi. Napenda nikiri mapema, kabla sijaandika mengine, kwamba nampenda mdogo wangu.

9 Machi

Kinda ana mchezo kwenye simu. Ndani yake kuna mji mzima. Kila mchezaji ana kijitu chake, na vijitu hivyo vinatembea, vinajenga nyumba, vinakaribishana. Anayetaka anaweza kubuni nguo akaziweka kwenye soko la mji, na wengine wakavivalisha vijitu vyao.

"Dada, hebu njoo uone," ameniita.

Nimeona koti la zambarau.

"Mshono wa bega uko wapi?"

"Hakuna mshono. Ni rangi tu."

"Basi hiyo si nguo."

"Watu mia moja na ishirini wameivaa."

Nikarudi kwenye suruali ya mume wa Mama Mapacha, ambaye kiuno chake kila mwezi kinahitaji mashauri mapya.

13 Machi

Watu mia nne. Sikuuliza. Amenitajia mwenyewe.

15 Machi

Niliwekwa kwenye cherehani nikiwa na miaka kumi na sita. Wateja wananiletea picha: "Nishonee kama hii." Nashona kama hiyo. Mama Mapacha huwaambia watu kwamba mkono wangu ni fotokopi, na siku zote nimelichukulia neno hilo kuwa sifa.

Leo nimemchungulia Kinda kwa mlangoni. Tangu alale hapa ametengeneza sketi yenye ngazi zinazoizunguka, koti lenye madirisha yanayofunguka, na shati ambalo kivuli chake ni cha mtu mwingine. Nimemuuliza anayatoa wapi haya yote.

"Sijui. Nakaa tu, yanakuja."

Mimi nimekaa miaka ishirini na tatu.

Huu ni wivu. Nimeliandika neno lenyewe, sasa tuendelee.

18 Machi

Jirani amemwonyesha Mama nguo za Kinda kwenye simu. Mama kapiga akishangilia. "Kumbe nimezaa mbunifu!"

"Na mimi je, Mama?" nimeuliza, kwa sauti ya utani.

"Wewe si fundi?"

Amesema bila ubaya wowote. Hapo ndipo iliponiuma.

21 Machi

Kuna mwanamume wa nchi ya mbali ambaye ni mwenyeji wa mji ule. Amefiwa na mama yake, akamwomba Kinda abuni nguo ambayo kijitu chake kitavaa kipindi cha maombolezo. Kinda amemtengenezea koti zito ambalo kwa nje halina kitu, lakini ukilifungua, bitana yote ni mifuko, kama ishirini hivi, ili aweke vitu vya marehemu. Mtu huyo ameandika maneno machache tu ya kushukuru. Kinda amelia.

Nimemuuliza kama koti lina zipu.

Kingine kinachonichoma ni jinsi wanavyofundishana. Mtu anachukua nguo ya Kinda, anageuza mikono, anamrudishia: tazama nilichofanya. Bibi mmoja, kweli bibi, mwenye wajukuu, amemwonyesha namna ya kufanya kitambaa kipitishe mwanga. Kila kazi inabaki na jina la aliyeianza na aliyeiongezea. Fundi aliyenifundisha mimi alikuwa akinigeuzia mgongo kila anapokata kola, nisije nikamwibia. Nilijifunza kola kwa kuangalia kiwiko chake.

24 Machi

Leo Kinda ameniita tena, nami nimekwenda nikiwa nimeshajiandaa kutopendezwa.

Ni gauni. Linaanzia bega la kushoto, na kitambaa kimoja kinazunguka mwili kwenda chini, mizunguko saba, bila kukatika. Juu ni rangi ya wingu lililobeba mvua. Kila mzunguko unafifia kidogo, mpaka kwenye pindo ni maji tu. Kola imesimama nyuma ya kichwa, pana, mtu anaweza kujifichia.

Nilishika ukingo wa kitanda.

"Dada? Baya?"

"Anaingilia wapi?"

"Nani?"

"Mvaaji. Halina zipu, halina kifungo, shingo haipitishi kichwa. Anaingilia wapi?"

Kinda kaliangalia, kacheka. "Kwenye mchezo unabonyeza tu, linakuvaa."

Nikamwambia ndiyo maana mchezo ni mchezo. Nikatoka. Sijaona gauni zuri kama lile tangu nizaliwe, na limebuniwa na mtu aliyejishonea kifungo kwenye sketi.

27 Machi

Mwongozaji wa kikundi cha maigizo amekuja. Ni mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na anaongea kana kwamba kuna mtu amekaa mstari wa nyuma kabisa. Wana igizo mwishoni mwa Aprili. Anataka gauni la malkia: malkia analivua mbele ya watazamaji anapoacha ufalme, kisha binti yake analivaa palepale, bila pazia. Nimemletea majarida yangu.

Kafunua, kafunga. "Haya nimeshayaona. Wewe mwenyewe, fundi, huna chako?"

Nimesema nitamchorea.

29 Machi

Nimechora magauni sita. Yote nimeshawahi kumshonea mtu.

2 Aprili

Kinda alikuwa hospitali kupigwa picha ya mguu. Mwongozaji alikuja saa hiyo hiyo.

"Haya, nionyeshe."

Mkono ulichukua penseli. Naandika "mkono", lakini ni mimi. Mbele ya macho yake nilichora bega la kushoto, mizunguko saba, kola iliyosimama. Mama yule akaipandisha miwani puani. Kisha akasema taratibu, "Umelitoa wapi hili?"

"Limekuja tu," nikasema.

Nilitumia mpaka maneno yake.

3 Aprili

Nimemwambia Kinda kwamba gauni lake nitalishona, la kitambaa, kwa ajili ya igizo. Sikumwambia lingine. Karuka na plasta yake, karibu avunje mguu wa pili. "Dada! Unajua ni wangapi kule wangetaka hilo? Gauni la kwenye mchezo livaliwe na mtu wa damu na nyama!" Kanikumbatia shingoni, hakuniachia upesi. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza kujibu.

5 Aprili

Mvua. Nimeharibu mita nne za kitambaa.

8 Aprili

Nimeharibu nyingine tatu. Gauni la simu halina uzito. La kweli linavutwa chini na mzunguko wa saba, bega linapasuka. Kinda ananipa moyo kutoka kitandani, na kila akinipa moyo nakata vibaya.

11 Aprili

Nimepata.

Nilikuwa namenya chungwa kwa kisu, lile ganda refu ambalo halikatiki, nikabaki nimelishika. Mwili hauhitaji kuingia ndani ya gauni. Gauni ndilo linauzunguka mwili. Mshono unafuata mzunguko wote, kutoka begani hadi kwenye pindo, lakini si mshono: ni vifungo vidogo vya chuma, vile vya kubonyeza, sitini na nne, vimefichwa chini ya mkunjo. Bega lina mkanda wa ndani wa kubeba uzito. Ukishika ncha ya begani ukavuta, lote linafunguka kwa mvuto mmoja na kuanguka sakafuni likiwa utepe. Binti analiokota, anazunguka mara saba, limemvaa.

Nimemwonyesha Kinda kwenye sanamu la kushonea. Nimevuta. Gauni limeanguka.

Katumbua macho. "Dada, hili mimi nisingeliwaza hata miaka mia."

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nilijisikia vizuri mno.

14 Aprili

Plasta imetolewa. Mguu umekonda. Atakaa kwangu mpaka uzoee ngazi.

19 Aprili

Mchezo ule umetangaza mashindano: mshiriki aonyeshe nguo aliyoibuni mjini kule ikiwa imeshonwa na kuvaliwa duniani. Washindi watafundishwa mwaka mzima na wabunifu wakubwa, bure, kwa njia ya simu. Mwisho ni tarehe 10 Mei. Kinda hajalala vizuri kwa furaha. "Picha tutapiga siku ya igizo, sawa, Dada?"

"Tutaona."

22 Aprili

Mvua haikatiki. Vitambaa vinanuka ukungu. Nimeshona nepi za mapacha.

26 Aprili

Igizo lilikuwa saa kumi jioni. Ukumbi ulijaa na bati la paa likapigwa na mvua mpaka waigizaji wakawa wanapaza sauti. Tulikaa mstari wa tatu, Kinda mguu ameunyoosha kwenye njia ya watu.

Malkia alipovuta bega na gauni likaanguka, ukumbi mzima ulishusha pumzi. Binti alipolizungushia mwili wake, watu walisimama. Mimi nilibaki nimekaa.

Kisha Kinda akafungua karatasi ya igizo. Niliona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. *Gauni la malkia: limebuniwa na kushonwa na…* na hapo jina la karakana yangu.

Akalisoma mara mbili. Akanigeukia, anatabasamu.

"Wamekosea, Dada. Watu wa maigizo bwana, hawaulizi."

"Ndiyo," nikasema. "Wamekosea."

Mwongozaji aliniita jukwaani. Nilikwenda. Makofi ni mengi kuliko nilivyofikiri, yanaingia mpaka tumboni. Nilitafuta mstari wa tatu, na aliyekuwa akipiga kwa nguvu kuliko wote, amesimama kwa mguu mmoja, ni yeye.

27 Aprili

Wateja wapya watano. Nimewapima. Sikumbuki sura zao.

28 Aprili

Kinda ametuma picha zake kwenye mashindano.

1 Mei

Wamemfungia akaunti.

Mtu aliona picha za igizo kwenye ukurasa wa kikundi, na chini yake jina langu. Akawaandikia wasimamizi wa mchezo kwamba mshindani huyu ameiba kazi ya fundi wa kweli. Kule wizi wa kazi ni kosa kubwa kuliko yote. Hawakumfungia tu, wameondoa kila alichowahi kubuni. Koti la zambarau, sketi ya ngazi, yote. Watu elfu mbili na zaidi, vijitu vyao vimeamka na fulana nyeupe za kuanzia. Hata yule mwanamume aliyefiwa. Koti lake la mifuko halipo.

Kinda kakaa kitandani na simu mapajani.

"Nimeitwa mwizi, Dada. Na bibi yule aliyenifundisha mwanga, hata yeye ameandika kwamba amesikitika."

Kisha akasema, kwa upole, kwamba si jambo kubwa. Nimwone tu Mwongozaji, wasahihishe lile kosa la karatasi, waandike barua.

"Kesho," nikasema.

Mwezi mzima nilitamani asiwe na hivyo vitu. Sasa hana.

2 Mei

Mvua kubwa. Sikutoka.

3 Mei

Mvua ilikuwa ya kawaida. Sikutoka.

4 Mei

Nimemwambia Kinda kwamba Mwongozaji amesafiri. Akasema hana haraka sana, bado siku sita.

6 Mei

Nilikuwa napiga pasi. Kinda hakuwepo chumbani na fimbo yake ya kutembelea haikuwepo. Nikajua.

Alirudi saa nane, amelowa mpaka kwenye nywele, mguu mbovu umevimba. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa Mwongozaji, ngazi na matope yote hayo. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika kwenye kitambaa cha mteja, na sikuthubutu kukisogeza.

"Ulichora kwa penseli," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele yake."

"Ndiyo."

"Ukasema limekuja tu."

Nikaikandamiza pasi.

"Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia anasema uongo. Nilimwambia dada yangu hawezi. Nimemfokea mwanamke wa watu ofisini kwake, Dada, wafanyakazi wake wanasikia. Akanitolea karatasi. Naujua mkono wako. Ndio ulionifundisha kuandika."

Pasi ilikuwa inaunguza. Niliiinua. Alama ya kahawia imebaki kwenye suruali ya mtu.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, niliyapanga wiki nzima. Nikatoa la chini kabisa. "Kwa sababu niliulizwa kama nina changu, na sikuwa nacho."

"Ukachukua changu."

"Nikachukua chako. Na si siku ile tu. Kila ukiniita nije nione, nilikuwa nakuja nikitafuta kasoro. Ulipomlilia yule mfiwa, niliuliza habari za zipu. Nimekuonea wivu, Kinda. Tangu Machi, na labda tangu uzaliwe. Wewe hujui hata kushona kifungo."

"Na wewe ungependa nijue?" kanijibu, akilia sasa. "Maana niliponyoosha mkono nijifunze, ulicheka."

Tulicheka wote wawili, nilitaka kusema. Lakini nikikumbuka vizuri, nilianza mimi.

Kaingia chumbani, kafunga mlango. Leo ni mara ya kwanza kusikia ufunguo ule ukizunguka.

7 Mei

Karakana ina ukurasa mtandaoni, ninakowekea kazi zangu. Wateja wangu wote wako pale, na Mama, na jirani wa Mama. Asubuhi hii nimeandika haya, nayanakili hapa yasipotee:

"Gauni la malkia lilibuniwa na mdogo wangu, ndani ya mchezo wa simu, tarehe 24 Machi. Mimi nililichora kwa penseli nikasema ni langu. Nilichoongeza ni kulishona na vifungo vya kufungulia. Nilipopigiwa makofi niliyapokea. Yeye alipoitwa mwizi, nilijua na nikanyamaza siku sita. Mwizi ni mimi."

Nilisoma mara nne nikitafuta neno la kupunguza. Kisha nikayatuma, na nakala nyingine kwa wasimamizi wa mchezo, na nyingine nikaipeleka kwa mguu kwa Mwongozaji. Aliisoma amesimama, miwani puani. "Ungesema mmelifanya wawili," akasema, "ningewaita wawili." Hakunikaribisha kiti.

Nimerudi nikakuta maoni themanini. Siwezi kuyaandika yote. La Mama Mapacha ni hili: "Kumbe! Na lile la kwangu la kijani uliliiba wapi?" Picha ya lile la kijani aliniletea mwenyewe.

Mama hajapiga.

8 Mei

Wawili kati ya wale wateja wapya wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Wameongea habari za mvua.

9 Mei

Mama amepiga. Kasema, "Mwanangu," kisha hakuendelea, nami sikuendelea, tukakaa hivyo mpaka salio likaisha.

12 Mei

Wasimamizi wamejibu. Akaunti ya Kinda imefunguliwa, nguo zote zimerudi, wameomba radhi. Mashindano yalifungwa tarehe 10. Sheria ni sheria, watamkaribisha yatakapotangazwa tena, kama yatatangazwa.

Nilimsomea barua kupitia mlango uliofungwa. Akauliza kutoka ndani: "Koti la mifuko limerudi?"

"Limerudi."

"Basi."

13 Mei

Nimemshonea mfuko wa kubebea fimbo. Ameuacha juu ya cherehani.

17 Mei

Mguu umezoea ngazi. Kinda amerudi kwake. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari. Alipokwisha kukaa, akashusha kioo.

"Vile vifungo sitini na nne, nimeviweka kule kwenye mchezo. Chini ya gauni nimeandika: kufungua, kazi ya dada."

"Sikustahili."

"Najua. Lakini kule kila kazi ina jina la aliyeiongezea. Siwezi kuiba kwa sababu umeiba." Akaangalia mbele. "Sijakusamehe bado. Usinipigie, nitapiga mimi."

"Sawa."

"Dada, ungesema tu kwamba na wewe unataka kucheza."

"Mimi mtu mzima, Kinda."

"Bibi yule ana wajukuu tisa," akasema. Kisha akanipitishia simu yake ya zamani dirishani, ile yenye ufa. Gari likaondoka.

20 Mei

Simu iko kabatini. Nimeshona pazia la zahanati. Mapazia ni kazi nzuri, hayana maoni.

22 Mei

Nimesoma maoni chini ya gauni. Watu mia tatu wanajadili kufungua. Mmoja amejaribu vifungo hivyo kwenye koti la mvua, mwingine kwenye hema. Nimeyasoma yote, nikarudia. Halafu nimeona Kinda ametengeneza kitu kipya, kofia yenye bustani, na ule wivu ukanipanda palepale, mzima, hauna hata aibu baada ya yote haya.

23 Mei

Leo mvua imekatika kabisa. Nimefungua milango yote vitambaa vipate hewa.

Baada ya chai nikaitoa simu. Kinda alikuwa ameshaniandikisha. Kijitu changu kina kipara na fulana nyeupe, kimesimama kwenye uwanja mtupu, kinanitazama. Pembeni kuna alama ya mkasi. Nikaigusa. Ikaja nguo isiyo na umbo, isiyo na rangi, na neno moja: *Anza.*

Nikangoja picha. Miaka ishirini na tatu kuna mtu ananiletea picha. Hakuna aliyeleta. Nikatengeneza lile la kijani la Mama Mapacha, kwa mazoea, nikalifuta. Nikatengeneza mizunguko ya Kinda, mikono ikaniwaka, nikaifuta upesi kuliko lile la kwanza. Nikakaa. Nilikuwa naogopa, naliandika hilo lilivyo, niliogopa kwamba nikitafuta ndani kabisa sitakuta kitu, na kwamba Mama alinijua vizuri tangu zamani.

Saa ilipita. Kisha nikakumbuka kwamba napenda mikono ya nguo. Si kitu kingine, mikono tu. Napenda inapoanzia, pale begani, kinapokusanyika kitambaa. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Nikafanya mkono mmoja, wa kulia. Nikaurefusha mpaka sakafuni, kwa kuwa hapa haumzuii mtu kuosha vyombo. Nikautia rangi ya bati lililolowa, naipenda rangi hiyo, sikujua. Ni mbaya. Umepinda, na kijitu kikitembea kinaukanyaga. Nikauongezea mkunjo, ukawa mbaya zaidi, nikacheka peke yangu karakanani kama mwehu.

Mlangoni pakabishwa hodi. Nilimsikia Mama Mapacha, na mume wake nyuma yake, na kiuno chake.

"Fundi! Fundi yupo?"

Sikuinua macho. Nilikuwa naanza mkono wa kushoto.

"Fundi hayupo," nikasema.